Muswada na Picha ya Papo kwa Papo: Habari za Ujiji na Gombe

Mtu afikaye Ujiji leo, baada ya kupita njia fupi itokayo Kigoma kuelekea kusini, huongozwa mpaka kwenye ukumbusho wa Livingstone. Hapo pana miembe isemwayo kuwa ni uzao wa mwembe wa zamani, pana mnara uliochongwa ramani ya Afrika, na katika nyumba ya makumbusho zimesimamishwa sanamu za Wazungu wawili wakiamkiana kwa kofia. Maji ya ziwa, ambayo zamani yalikuwa karibu, yamesogea mbali kidogo. Mgeni hupiga picha, na mara nyingi hutamka yale maneno manne ya Kiingereza ambayo Stanley alidai kumwambia Livingstone alipomwona, maneno ambayo maana yake ni kuwa alimdhania mtu aliye mbele yake kuwa ndiye daktari mwenyewe. Kisha mgeni huondoka, ameridhika kwamba ameona mahali jambo lilipotukia na kulisikia kama lilivyosemwa.

Nataka kuanza na ridhaa hiyo, kwa sababu ndani yake mna swali kubwa la ufundi wa filamu na video. Watengenezaji wa picha hizi wamegawanyika tangu zamani. Wako wanaoshika muswada, yaani andiko lililotungwa kabla ya kazi, ambalo ndani yake kila neno na kila tendo limewekwa mahali pake. Mpiga picha na mwigizaji huja kulitimiza. Na wako wanaosema kwamba picha iliyo hai ni ile inayonaswa papo kwa papo, mambo yakiwa yanatukia, kabla mtu hajapata nafasi ya kuyapamba. Wa kwanza huwashitaki wa pili kwa uvivu na fujo. Wa pili huwashitaki wa kwanza kwa uongo. Mabishano haya huzungumzwa kana kwamba yalizaliwa katika vyumba vya televisheni vya miji mikubwa. Walakini pwani ya Kigoma imeyaona tangu kabla kamera ya sinema haijabuniwa, na mambo yaliyotukia hapo, nadhani, yanaonyesha kuwa pande zote mbili zinagombania mpaka usiopita mahali zinapodhani unapita.

Tutazame kwanza siku yenyewe ya mwaka wa 1871. Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyetumwa na mwenye gazeti, James Gordon Bennett, amtafute Livingstone. Alipokaribia Ujiji hakuingia kama alivyokuwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, mavazi mapya yalitolewa, viatu vikapakwa mafuta, kofia ikatiwa chokaa ing'ae. Bendera ya Marekani ilitangulia mbele ya msafara, na bunduki zikapigwa kutoa habari ya kufika. Mambo haya hayakuwa uzushi wa Stanley peke yake. Ilikuwa ada ya misafara ya bara: wapagazi waliotembea miezi mingi kutoka mrima hawakuingia mji mkubwa katika matambara, walijisafisha, wakapiga baruti, na watu wa mjini wakatoka kuwalaki. Sidi Mubarak Bombay, nahodha wa askari wa msafara ule, alikuwa amekwisha kufika Ujiji mwaka wa 1858 pamoja na Burton na Speke, naye hakuhitaji kufundishwa na mwandishi wa gazeti jinsi ya kuuingia mji ule.

Basi kabla neno halijatamkwa palikuwapo mavazi, bendera, mlio wa bunduki na mahali pa kila mtu kusimama. Hapakuwa na karatasi, lakini palikuwa na muswada: muswada wa ada, ambao kila mmoja aliujua kwa moyo. Susi, mtumishi wa Livingstone, alimkimbilia bwana wake kumpa habari, na Livingstone katika shajara yake alieleza mbio zile na bendera ile. Maneno ya Stanley hakuyaandika.

Stanley ndiye aliyeyaandika. Lakini katika shajara yake ya safari, kurasa zilizohusu kukutana kule zimenyofolewa. Hata tarehe ina mashaka: yeye alitaja tarehe 10 Novemba 1871, lakini homa zilimpotezea hesabu ya siku, na Livingstone naye alikuwa amepotewa na hesabu yake, hata wanahistoria hawakubaliani. Tim Jeal, katika kitabu cha maisha ya Stanley kilichotoka mwaka wa 2007, alionelea kwamba huenda maneno yale hayakutamkwa kamwe Ujiji, ila yalitungwa baadaye. Yalipotoka gazetini na kitabuni mwaka wa 1872 yaliambatana na mchoro wa Wazungu wawili wakivuliana kofia mbele ya kundi la watu, na Stanley alithibitisha kwa maandishi kwamba mchoro huo, ambao habari zake alizitoa yeye, ulikuwa sahihi kana kwamba tukio lilipigwa picha.

Msomaji na alipime dai hilo. Mchoro ulifanywa mbali na Ujiji, na mkono usiopata kuiona Ujiji, kwa maelezo ya mtu mmoja. Kisha ukapewa heshima ya picha iliyonaswa papo hapo. Hapa muswada umekuja baada ya jambo, umekaa mahali pa jambo, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuuondoa. Watu waliokuwapo walikuwa wengi. Susi na Chuma walifika Uingereza mwaka wa 1874 na kumsaidia Horace Waller kutayarisha shajara za mwisho za bwana wao, maana yake ni kuwa mashahidi wawili waliweza kupatikana kwa swali. Pamoja na hayo kauli iliyobaki ni ya mtu mmoja, na ni ile aliyoitunga akiwa na wino mbele yake.

Sinema ilipoichukua habari hii iliendelea kwa njia iyo hiyo. Mwaka wa 1939 ilitoka Marekani filamu iitwayo Stanley and Livingstone, iliyoongozwa na Henry King. Spencer Tracy akawa Stanley, na Cedric Hardwicke akawa Livingstone. Kundi la wapiga picha lilitumwa Afrika Mashariki kunasa nyika, wanyama na misafara, na watu waliotembea humo walikuwa wa kushika nafasi tu, wakionekana kwa mbali. Waigizaji wakuu walibaki Hollywood. Ardhi, basi, ilikuwa yetu, na maneno yalisemwa upande wa pili wa dunia. Filamu ya African Queen, ya mwaka wa 1951, ilipita hapo. Kisa chake kinatokana na vita vya meli katika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini John Huston aliipiga katika Kongo ya Wabelgiji, Uganda, na chumba cha sinema cha Uingereza. Na wakati ule Liemba, meli ya Kijerumani iliyoshushwa majini Kigoma mwaka wa 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka wa 1916, ikaopolewa mwaka wa 1924 na kurudi kazini mwaka wa 1927, ilikuwa ikipakia abiria na mizigo Kigoma kama desturi. Muswada una uwezo huo: unaweza kutwaa habari ya mahali na kupaacha mahali penyewe.

Nisieleweke kwamba nauchukia muswada. Katika nchi yetu umefanya kazi ya heshima. Huko Vugiri, katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha kati ya 1935 na 1937 jaribio la sinema ya elimu kwa Waafrika, wakatengeneza filamu zipatazo 35, waigizaji wakiwa wenyeji ambao hawakupata kusimama mbele ya kamera. Picha ilikuwa bubu. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, yakapigwa filamu ikienda. Kwa hiyo picha moja iliweza kupewa Kiswahili mahali hapa na lugha nyingine mahali pale. Jaribio lile lilikuwa na kiburi chake, kwani waliotunga mafundisho hawakuwa waliofundishwa; lakini nataka tulikumbuke kwa jambo moja la ufundi, kwamba neno na picha vilikuwa vitu viwili, vimeshikwa kwa mikono miwili tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Afrika ya Kusini ilitengeneza Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili, na katika Muhogo Mchungu mwigizaji mkuu alikuwa Rashid Mfaume Kawawa, ambaye mwaka wa 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Watazamaji walicheka na kuhuzunika kwa lugha yao wenyewe. Bila andiko lililotangulia, kazi kama hiyo haifikiki.

Sasa tuje Gombe, mahali ambapo njia ya papo kwa papo ilipata sifa yake kubwa kuliko pengine popote katika Afrika Mashariki.

Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall, Mwingereza wa miaka 26, alishuka ufukoni mwa Gombe, kaskazini ya Kigoma, pamoja na mama yake Vanne na mpishi wao Dominic. Kabla ya hapo walikuwa wamekwama Kigoma, kwani mji ulijaa Wabelgiji waliovuka ziwa wakikimbia machafuko ya Kongo. Huko milimani, ambako Rashidi Kikwale alikuwa miongoni mwa waliomwongoza, alikaa miezi akitazama sokwe kwa mbali na kuandika. Mwishoni mwa Oktoba 1960 aliona sokwe wakila nyama. Mapema Novemba alimwona dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka kijiti katika kichuguu, akakitoa kimejaa mchwa, akala. Kisha iligunduliwa kwamba sokwe huchuma tawi na kulipurura majani lifae kwa kazi hiyo, yaani hutengeneza chombo.

Katika siku zile wataalamu walifundisha kwamba kutengeneza vyombo ndiko kunakomtenga mwanadamu na wanyama. Hebu tufikiri: kama mwaka wa 1959 mtu angalitunga muswada wa filamu ya sokwe, akauonyesha kwa wenye elimu wote wa London na Washington ili wausahihishe, kijiti kile kisingalikuwamo. Kama angalikitia, wangalikifuta. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa wanaongoja na kamera zao, nayo haihusu uzuri wa picha hata kidogo. Muswada hauwezi kuwa na jambo ambalo mtungaji wake halijui. Anayetaka kujua jipya hana budi kukubali kukaa mahali asipokuwa na amri juu ya mambo yatakayokuja mbele yake.

Lakini kamera ya sinema haikuwapo siku ile ya kijiti. Hugo van Lawick, mpiga picha Mholanzi, alifika Gombe mwaka wa 1962, akitumwa kwa msaada wa National Geographic Society. Kazi yake yafaa ielezwe kwa wale waliozoea kamera za leo ambazo hurekodi saa nzima bila kusita. Filamu ya milimita 16 iliuzwa kwa reli. Reli ya futi 100 huisha kabla ya dakika 3, na reli kubwa ya futi 400 hufikia kama dakika 11. Sokwe ni mweusi, msitu wa mabondeni una kivuli kizito, na jua likipenya hupenya kwa mabaka meupe yanayoiharibu picha. Mpiga picha hawezi kuiacha kamera iende tu akingoja bahati. Hubana, huchagua, hubahatisha kwamba mnyama yule karibu atafanya kitu. Akimaliza, filamu hufungwa na kusafirishwa ng'ambo ikasafishwe, naye hukaa wiki nyingi asijue kama alichoona kwa jicho kimo ndani ya ule utepe. Kwa hiyo hata huyu wa papo kwa papo alikuwa na mpango kichwani: ajue kwamba mama fulani hupita hapa asubuhi, kwamba wakati wa mvua za kwanza mchwa huwa tele.

Tena yako mambo mawili ambayo wenye kuisifu Gombe huyapita upesi mno.

La kwanza ni ndizi. David Greybeard alifika kambini kwa ajili ya matunda ya mchikichi, akaona ndizi, akazitwaa. Polepole ndizi zikawa utaratibu, na kwa mpiga picha utaratibu huo ulikuwa neema: sokwe waliokuwa wakitafutwa kutwa nzima katika miteremko walikuja wenyewe mahali penye nafasi na mwanga. Baadaye yakawekwa masanduku yenye kufunguliwa kutoka mbali, ili chakula kitolewe kwa kiasi. Wanyama wakakusanyika wengi kuliko walivyozoea kukusanyika, wakagombana, na nyani nao wakaingia katika ugomvi. Ulishaji ukapunguzwa sana mwishoni mwa miaka ya 1960, na hatimaye ukaachwa. Mwaka wa 1991 Margaret Power alitoa kitabu kizima akidai kwamba ukali ulioonekana Gombe uliletwa na ulishaji ule. Wengi walimpinga, wakionyesha kwamba sokwe wa mahali pengine, wasiolishwa, nao huuana. Na mimi sina haja ya kuwaamua hapa. Nasema tu kwamba ndizi ile ilikuwa muswada. Aliyeiweka hakumwandikia sokwe la kufanya, lakini alimwandikia mahali, saa na wenzake wa kuwa nao, na katika mchezo wowote hayo ni nusu ya andiko. Tofauti yake na karatasi ni kwamba karatasi huweza kusomwa na watu wengine, ilhali ndizi huliwa, na katika picha haionekani tena isipokuwa mpiga picha akipenda.

Hata hivyo, haki itendeke kwa Hugo. Flo alipomleta mtoto wake Flint, aliyezaliwa mwaka wa 1964, kamera ilifuata jinsi mtoto wa sokwe wa porini anavyobebwa, anavyojaribu kusimama, anavyoshikwashikwa na dada yake. Ndizi ziliwaleta pale, lakini hakuna ndizi iliyomfundisha dada mtu subira ile ya kuomba ampakate mdogo wake. Anayetazama vipande hivyo anaona jambo ambalo mtengenezaji amelipokea, hakulipanga.

La pili ni yale maigizo. Miss Goodall and the Wild Chimpanzees ilionyeshwa katika televisheni ya CBS, Marekani, mwezi wa Desemba 1965. Filamu hiyo ilitaka kusimulia habari tangu mwanzo: msichana anafika, anapanda milima, anawatafuta sokwe wasiotaka kuonekana. Lakini mwanzo huo ulikuwa wa mwaka wa 1960, na Hugo alikuja 1962. Hapakuwa na njia ila Jane Goodall ajiigize mwenyewe, apande tena mlima aliokwisha upanda, atazame kwa darubini mahali alipokwisha tazama. Sioni dhambi katika hilo. Mtu anayerudia tendo lake mwenyewe, mahali palepale, si sawa na Spencer Tracy. Walakini ni muswada, nao umeshonwa pamoja na picha za papo kwa papo kwa uzi mwembamba hivi kwamba mtazamaji sebuleni mwake hakuona mshono.

Kisha maneno. Picha za Gombe zilikuwa bubu kama zile za Vugiri. Msimulizi wa filamu ya 1965 alikuwa Orson Welles, mwenye sauti nzito ya thieta, na maneno aliyoyasema yaliandikwa Marekani. Hivyo filamu iliyosifiwa kwa kunasa maisha kama yalivyo ilipata masimulizi yake kwa njia ileile iliyoipatia Ujiji maneno yake manne: jambo lilitukia kando ya ziwa, na neno likatungwa mbali, baadaye, na mtu mwingine.

Yaliyofuata yanashangaza. Masanduku ya filamu za Hugo, zaidi ya saa 100, yalidhaniwa yamepotea mpaka yalipopatikana mwaka wa 2014. Hugo mwenyewe alikuwa amekwisha fariki, mwaka wa 2002, Dar es Salaam. Brett Morgen alizitengeneza upya, na filamu iitwayo Jane ikatoka mwaka wa 2017. Vipande vilikuwa vimechanganyika bila taratibu, wala havikuwa na sauti. Milio ya msitu na ya sokwe ilitafutwa na kupandikizwa, na muziki ukatungwa na Philip Glass. Safari hii msimulizi ni Jane Goodall mwenyewe, akiwa mzee, akizitazama siku zake za ujana. Ni filamu nzuri, na wengi waliiona kuwa ya kweli kuliko ile ya 1965. Kamera ni ileile, mpiga picha ni yuleyule, hata baadhi ya matukio ni yaleyale. Lililobadilika ni neno na mkasi. Ikiwa utepe mmoja waweza kutoa filamu mbili zenye roho mbili, basi kule kungoja kwa Hugo hakukutosha kuamua filamu itasema nini. Liliamuliwa mezani.

Kwa hiyo mimi siwagawi watengenezaji kwa kuuliza ni nani ana karatasi na nani hana. Nauliza neno liliingia lini, na lilitoka kinywani mwa nani. Watazamaji wa maigizo yetu wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Vikundi vya maigizo vilivyoinukia katika televisheni baada ya televisheni za Bara kuanza mwaka wa 1994, na filamu nyingi za video zilizofuata, vilifanya kazi kwa mpangilio wa matukio tu: wewe ni mume, umerudi usiku, mkeo ameona barua, haya, semeni. Mwigizaji akajitungia maneno papo hapo, kama msimulizi wa hadithi ajuaye mifupa ya kisa na kukivika nyama mbele ya wasikilizaji. Wakosoaji waliita hali hiyo upungufu. Pengine ni kweli kwa filamu nyingi, maana watu wasiojua kinachofuata hurudiarudia na kupiga kelele. Lakini neno la mwigizaji lilikuwa lake, na lilitoka wakati wa tendo. Jambo ambalo filamu ya 1965, pamoja na fedha zake zote, haikuwa nalo.

Na neno mubashara, ambalo vyombo vya habari vyetu vimelitwaa kwa matangazo ya papo kwa papo, limekuwa na uzito wa kisiasa. Mwezi wa Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena mubashara vikao vyote vya Bunge kama ilivyozoea, ikitaja gharama; sehemu kubwa ya mijadala ingeonyeshwa katika kipindi kilichorekodiwa. Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Mjini, alikuwa miongoni mwa waliosimama kulipinga, na ghasia zikatokea Bungeni. Sitaki kuingia katika siasa ya siku ile. Ninalotaka msomaji alione ni kwamba ugomvi haukuwa juu ya hotuba za wabunge, maana hizo zingesemwa vilevile. Ulikuwa juu ya mkasi, nani aushike kati ya tendo na mtazamaji. Mwananchi wa Mwandiga au Ujiji asiyepata kusikia habari za miswada ya filamu alielewa tofauti hiyo mara moja.

Turudi milimani, kwani imebaki habari moja ambayo wanahistoria wa filamu hawaitaji, kwa kuwa haina filamu.

Katika miaka ya 1970 jamii ya sokwe wa Gombe iligawanyika, kundi dogo likahamia kusini, bonde la Kahama. Tarehe 7 Januari 1974 madume wa kundi la Kasekela walimkuta mmoja wa wale wa kusini, aitwaye Godi, akila peke yake. Walimshika, wakamkandamiza, wakampiga na kumuuma kwa muda wa kama dakika 10, wakamwacha, hakuonekana tena. Ndiyo ilikuwa shambulio la kwanza kushuhudiwa la vita vilivyoendelea mpaka kundi la Kahama likaisha, nayo ni habari iliyobadili fikira za dunia juu ya sokwe kwa kiasi kilekile cha kijiti cha mchwa. Aliyeiona alikuwa Hilali Matama, mtafiti wa Kitanzania. Hugo alikuwa ameondoka Gombe. Hapakuwa na ndizi za kuwakusanya wale madume, hapakuwa na andiko, na hapakuwa na kamera.

Mwaka uliofuata, tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Waliachiliwa baadaye, lakini tangu siku hiyo watafiti wageni waliondolewa kwa muda mrefu, na kazi ya kila siku ikabaki mikononi mwa Watanzania. Wao ndio waliowafuata sokwe kutoka kiota cha asubuhi mpaka kiota cha jioni, wakiandika kwa Kiswahili, kwa saa na dakika: fulani amepanda, fulani amemkaribia, amemtunza manyoya, ameondoka. Katika karatasi hizo hakuna anayejua ukurasa utaishia wapi, kwa hiyo si muswada. Tena neno linawekwa palepale jambo linapotukia, na mtu aliyesimama hapo, kwa hiyo si kama masimulizi ya Orson Welles wala maneno manne ya Stanley.

Nimesema kwamba picha za Hugo hazina sauti. Ububu huo uliwapata wote waliopita mbele ya kamera yake, Jane Goodall kama wengine. Yeye aliirudisha sauti yake kwa vitabu, kwa barua, na kwa filamu ya 2017, miaka minane kabla ya kufariki kwake tarehe 1 Oktoba 2025. Wapishi, waongozaji na wavuvi wa dagaa wa pwani ile hawakuitwa katika chumba cha kurekodi sauti. Anayetaka neno la watu wa Kigoma juu ya Gombe hana budi kuliacha pazia la sinema na kuzitafuta zile karatasi za kila siku. Nakala zake zilipelekwa Chuo Kikuu cha Minnesota, kisha Chuo Kikuu cha Duke, na huko Marekani watu wameajiriwa kuzifasiri kutoka Kiswahili.